HESABU YA AKIBA: JINSI YA KUKADIRIA BEI YA VIPANDE VYA KOMPYUTA

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne B

Wanafunzi wengi wa shule hii wajua kutumia kompyuta, lakini ni wachache mno wajuao bei ya vitu vilivyomo ndani yake. Ukimwuliza mtu, "Kompyuta hii yauzwa kiasi gani?" atakutajia bei moja tu, ile aliyoisikia dukani, kama kwamba kompyuta ni kitu kimoja mfano wa nazi. Sivyo. Kompyuta ni mfano wa baiskeli. Baiskeli ina fremu, magurudumu mawili, mnyororo, breki, tandiko na kengele, na kila kimoja kina bei yake katika duka la vipuri. Fundi mwenye akili akiambiwa bei ya baiskeli nzima, hujumlisha moyoni bei za vipuri vyake, akajua papo hapo ni kiasi gani alipacho mnunuzi kwa ajili ya chuma na mpira, na ni kiasi gani alipacho kwa ajili ya jina lililoandikwa ubavuni.

Katika makala haya nataka kueleza jinsi hesabu hiyo hiyo inavyofanywa kwa kompyuta, na jinsi mtu anavyoweza kuitumia ili kujua kama kweli ameweka akiba au amejidanganya. Nina sababu ya kuyaandika. Muhula huu mimi mwenyewe nilifanya hesabu ya namna hiyo kwa ajili ya chumba chetu cha kompyuta, nikaikosea, na fedha za shule zikapotea. Sitaficha jambo hilo. Nitalieleza mahali pake.

Kwanza yatupasa kujua vipande vyenyewe. Ukifungua kasha la kompyuta ya mezani utaona bodi kuu, ambayo ni ule ubao mpana wa kijani au mweusi ambao vipande vingine vyote huchomekwa juu yake. Utaona feni ndogo, na chini yake kuna prosesa, ndiyo ifanyayo hesabu. Karibu na hapo kuna vijiti vyembamba vilivyosimama. Hivyo ni ramu, yaani kumbukumbu ya muda, ambayo hushika kazi inayofanywa sasa hivi na kusahau yote umeme ukizimwa. Kisha kuna diski, ghala ya kuhifadhia kazi zetu hata kompyuta ikiwa imezimwa. Mwisho kuna pawa saplai, kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa vipande vingine. Hata zile kompyuta kubwa ziitwazo seva, ambazo hutunza barua, picha na fedha za watu kwenye intaneti, zina vipande hivyo hivyo. Tofauti yake ni ukubwa, wingi na uimara. Asili yake ni moja.

Basi, ikiwa vipande ni vile vile, mbona seva huuzwa kwa bei kubwa mno? Swali hili waliwahi kujiuliza watu wa kampuni moja ya Marekani iitwayo Backblaze, na majibu yao yafaa kujulikana na kila mwanafunzi wa hesabu.

Kazi ya kampuni hiyo, iliyoanzishwa mwaka 2007, ni kuwatunzia watu nakala za akiba za kazi zao, ili kompyuta ya mtu ikiibiwa au ikiharibika asipoteze kitu. Kazi hiyo yataka diski nyingi sana. Walipokwenda kuulizia bei za mitambo ya kuhifadhia katika makampuni makubwa, waliona kwamba wakinunua hawatapata faida yo yote. Ndipo wakafanya kama yule fundi wa baiskeli. Waliorodhesha vipande kimoja kimoja, wakatafuta bei ya kila kimoja, wakatengeneza kasha lao wenyewe la chuma, jekundu, lenye nafasi ya diski 45. Mwaka 2009 waliitangaza orodha hiyo yote hadharani, pamoja na bei zake, ili kila mtu aione.

Tazameni hesabu yao. Kila diski ilikuwa na nafasi ya terabaiti 1.5, na bei yake dola 120. Diski 45 mara dola 120 ni dola 5,400. Kasha lenyewe lilikuwa dola 748. Wakiongeza bodi kuu, prosesa, ramu, pawa saplai mbili, feni na nyaya, jumla yote ilikuwa dola 7,867 kwa mtambo mmoja wa terabaiti 67. Kwa hiyo diski peke yake zilichukua karibu dola 69 katika kila dola 100. Hili ni fundisho la kwanza la ukadiriaji: tafuta kwanza kile kipande kinachokula sehemu kubwa ya fedha, ukikadirie kwa uangalifu kuliko vyote. Ukikosea bei ya feni kwa nusu, jumla haitatikisika. Ukikosea bei ya diski kwa sehemu ya kumi tu, umekwisha potea kwa dola 540.

Tuendelee. Petabaiti moja ni terabaiti 1,000. Mtu akinunua diski tupu za kutosha petabaiti moja, atahitaji diski 667, nazo kwa dola 120 kila moja ni dola 80,040. Hiyo ndiyo bei ya chini kabisa. Hakuna awezaye kwenda chini yake bila kupata diski za bei nafuu zaidi. Mitambo ya Backblaze ya ukubwa huo iligharimu takribani dola 117,000. Na mtambo wa kampuni ya Dell wa ukubwa huo huo, kwa hesabu yao, ulikuwa dola 826,000. Ukitoa bei ya diski tupu, utaona kwamba Backblaze walilipa kama dola 37,000 kwa makasha, bodi na vinginevyo, hali mnunuzi wa ule mwingine angelipa karibu dola 746,000 juu ya bei ya diski.

Msomaji ataona hapa mshangao, na labda hasira. Lakini yafaa kutulia. Mtu anunuaye mtambo wa kampuni kubwa hanunui vyuma peke yake. Hununua pia ahadi kwamba mtambo ukiharibika usiku fundi atakuja. Hununua programu zilizokwisha jaribiwa, na vipande vya ziada vinavyoshika kazi vingine vinapokufa. Backblaze waliweza kuyaacha hayo kwa sababu waliandika programu zao wenyewe, na mafundi walikuwa nao. Zaidi ya hayo, hata terabaiti 67 zao hazikuwa zote za kuwekea kazi za wateja. Walizigawa diski 45 katika mafungu matatu ya diski 15, na katika kila fungu nafasi ya diski 13 ilishika kazi, na ya diski mbili ilishika hesabu za kuokolea kazi hiyo endapo diski nyingine zitakufa. Basi nafasi iliyotumika ilikuwa 13 katika kila 15, yaani kiasi cha terabaiti 58. Fundisho la pili ni hili: usigawanye bei kwa ukubwa ulioandikwa juu ya boksi, bali kwa ukubwa utakaoutumia kweli.

Hesabu ya namna hiyo walikuwa wameifanya mapema zaidi watu wa Google. Mwaka 2003 wataalamu wao watatu, Luiz André Barroso, Jeffrey Dean na Urs Hölzle, waliandika katika jarida moja la uhandisi sababu za kampuni yao kupenda kompyuta nyingi za bei nafuu kuliko chache za bei kubwa. Walitoa mfano wa kabati moja lenye seva 88, lililokuwa likiuzwa mwishoni mwa mwaka 2002 kwa kiasi cha dola 278,000. Kila seva ilikuwa na prosesa mbili, ramu ya gigabaiti 2 na diski ya gigabaiti 80. Kwa hiyo kabati zima lilikuwa na prosesa 176, ramu ya gigabaiti 176, na diski za terabaiti 7. Kisha wakalinganisha na seva moja kubwa ya prosesa nane, ramu ya gigabaiti 64 na diski za terabaiti 8, iliyouzwa kama dola 758,000. Yaani ile moja ilikuwa na bei karibu mara tatu ya kabati, lakini prosesa zake zilikuwa pungufu mara 22.

Waandishi hao hawakusema kwamba seva kubwa ni ulaghai. Walieleza kwamba bei yake inatokana na uimara wake na kasi ya mawasiliano ya ndani, ila wao hawakuhitaji vitu hivyo, kwa kuwa programu zao zilipangwa hivi kwamba kompyuta moja ikifa nyingine huishika kazi yake. Hapa ndipo penye siri ya akiba. Akiba haitoki katika kununua rahisi. Hutoka katika kujua kile usichokihitaji.

Walifanya na jambo la pili ambalo mimi, kwa ujinga wangu, sikulifanya. Hawakuishia kwenye bei ya dukani. Waliigawanya bei ya kabati kwa miezi 36, maana kompyuta huchakaa, wakapata karibu dola 7,700 kwa mwezi. Kisha wakakadiria umeme. Kabati hilo, pamoja na mitambo ya kupoza hewa, lingetumia kiasi cha uniti 10,000 kwa mwezi. Kwa senti 15 kila uniti, pamoja na gharama ya mitambo ya kugawa umeme huo, ni dola 1,500. Basi gharama ya kweli ya kabati kwa mwezi haikuwa 7,700 bali 9,200, kabla hata ya kumlipa mtu mshahara.

Sasa nije kwetu.

Chumba chetu cha kompyuta kina kompyuta 20 za mezani, zilizotolewa kwa shule kama msaada zikiwa tayari zimetumika kwingine. Kila mwanafunzi wa somo la kompyuta ajua adha yake. Kipindi ni dakika 40, na kompyuta huchukua dakika nane kuamka; tukiongeza dakika za kusubiri programu ifunguke, robo ya kipindi imekwisha kwenda. Kidato cha Nne tuna mtihani wa taifa mbele yetu, na katika mtihani wa vitendo hakuna mtu atakayekuongezea muda kwa kuwa ulijifunza kwenye kompyuta ya kizee.

Mwanzoni mwa muhula Mkuu wa Shule aliambiwa kwamba kompyuta 20 zilizotumika kidogo na kukarabatiwa zingegharimu shilingi 380,000 kila moja, yaani shilingi 7,600,000. Shule haikuwa na fedha hizo. Iliyokuwapo ilikuwa shilingi milioni mbili na ushee, faida ya mradi wetu wa kuku. Mwalimu wetu wa kompyuta akawauliza wanachama wa klabu kama kuna njia nyingine, nami nikainua mkono.

Nilikuwa nimesoma kwamba mambo mawili huifanya kompyuta nzee iwe nyepesi: kuiondolea diski ya zamani inayozunguka na kuiwekea diski ya SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka, na kuiongezea ramu. Nikafungua kompyuta moja, ile iliyo karibu na mlango, nikaiangalia ndani, nikaandika aina ya ramu yake. Jumamosi nikaenda mjini pamoja na Mwalimu kuulizia bei. Diski ya SSD ilikuwa shilingi 65,000. Ramu ya gigabaiti 4 shilingi 25,000. Waya na skrubu za kila kompyuta shilingi 5,000. Jumla shilingi 95,000. Kazi ya kufunga tungeifanya wenyewe. Kompyuta 20 mara 95,000 ni shilingi 1,900,000. Nikatoa kutoka 7,600,000, nikapata akiba ya shilingi 5,700,000.

Niliiandika tarakimu hiyo kwa wino mwekundu nikaipigia mistari miwili. Mkuu wa Shule aliisoma mbele ya paredi asubuhi ya Jumatatu, na wenzangu wakanipigia makofi. Kwa wiki mbili nzima niliitwa Waziri wa Fedha.

Vifaa vikaja. Tulipoanza kufunga, kompyuta kumi na tatu zilipokea ramu vizuri. Ya kumi na nne ilikataa. Nikadhani kijiti ni kibovu, nikajaribu kingine, nacho kikakataa. Mwalimu akachukua tochi, akatazama, akaniambia nisilazimishe. Kompyuta zile kwa nje zilifanana kama mayai, lakini saba zilikuwa za zamani zaidi, na ramu yake ilikuwa ya aina ya DDR2, hali sisi tulinunua ya DDR3. Pengo lililo katika meno ya kijiti cha aina moja haliko mahali pamoja na la aina nyingine, kwa hiyo hata kuingia hakiingii. Vijiti saba mara shilingi 25,000 ni shilingi 175,000. Tulipovirudisha dukani, muuzaji alitugeuzia risiti kwa adabu na kutuonyesha maneno yaliyochapwa chini: mali ikishauzwa hairudishwi.

Shilingi 175,000 ni bei ya karibu trei ishirini za mayai. Mimi nimo katika zamu ya banda la kuku, najua trei ishirini ni siku ngapi za kuamka saa kumi na moja.

Halafu yakaja mengine. Pawa saplai mbili zilikufa umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu. Kila moja shilingi 35,000. Betri ndogo za saa zilizomo kwenye bodi kuu zilikuwa zimekwisha katika kompyuta zote, na kila asubuhi kompyuta ilisahau tarehe. Betri 20 kwa shilingi 1,000 ni shilingi 20,000. Mambo haya sikuyaandika katika hesabu yangu, wala sikuacha akiba ya dharura hata shilingi moja. Jumla ikawa shilingi 1,990,000, nazo kompyuta zilizotengenea barabara ni kumi na tatu. Zile saba tuliziwekea diski mpya, nazo huamka upesi, lakini programu za somo letu huzielemea. Sasa hutumika kwa kujifunza kuchapa tu.

Nilikwenda kwa mwalimu wetu wa hesabu na daftari langu, nikitumaini ataniambia nimekosea mahali fulani katika kuzidisha. Akalipitia lote. Akasema, "Hukukosea kuzidisha, mwanangu. Ulikosea kuhesabu. Ulifungua kompyuta moja ukaandika ishirini." Kisha akanikalisha tukafanya hesabu upya, na hesabu hiyo ndiyo nitakayo wenzangu waione.

Kwanza, gharama ya kweli igawanywe kwa kompyuta zinazofanya kazi iliyokusudiwa. Shilingi 1,990,000 gawanya kwa 13 ni shilingi 153,000 na kidogo, si 95,000.

Pili, igawanywe kwa miaka. Kompyuta zetu zilizofufuliwa tunatumaini zitatumika miaka mitatu. Basi ni shilingi 51,000 kwa mwaka. Zile za kununua, kwa kuwa si nzee sana, tukadirie miaka mitano. Shilingi 380,000 gawanya kwa tano ni shilingi 76,000 kwa mwaka. Tofauti yake ni shilingi 25,000 kwa kila kompyuta kwa mwaka. Ile milioni tano na laki saba ya wino mwekundu ilikuwa imekwisha yeyuka.

Tatu, umeme. Tuliazima kipimo cha umeme tukapima kompyuta yetu moja ikiwa kazini, bila kioo chake, tukaona inakula karibu wati 100. Kompyuta ndogo ya ofisini, ya namna ile tuliyotajiwa bei, ilikula kama wati 40. Tofauti ni wati 60. Kompyuta hufanya kazi saa sita kwa siku, siku kama 200 kwa mwaka. Wati 60 mara saa 6 mara siku 200 ni wati-saa 72,000, yaani uniti 72. Tukichukua uniti moja kuwa shilingi 350, ni shilingi 25,200.

Tukatazamana. Akiba ilikuwa shilingi 25,000, na umeme umeila yote, ukadai na shilingi mia mbili juu.

Basi je, tulifanya vibaya kuzitengeneza? Swali hili nililikawia siku kadhaa, kwa maana niliona aibu. Nilipomwuliza Mwalimu wa kompyuta, alinijibu kwa kuniuliza kama shule ilikuwa na shilingi 7,600,000. Haikuwa nazo. Tungengoja mpaka zipatikane, na Kidato cha Nne cha mwaka huu kingeingia mtihanini na kompyuta za dakika nane. Sasa kompyuta kumi na tatu zaamka chini ya dakika moja. Kwa hiyo tulichokipata si akiba ya fedha. Tulinunua muda: miaka mitatu ambayo shule yaweza kukusanya fedha kidogo kidogo huku wanafunzi wanasoma. Hicho nacho ni kitu chenye thamani, ila yapasa kiitwe kwa jina lake. Mimi nilikiita shilingi milioni tano na laki saba, na huo haukuwa ukweli.

Yako mambo mawili zaidi kuhusu Backblaze ambayo yathibitisha kwamba hata wakubwa hawafanyi hesabu mara moja wakalala. Mwaka 2011 walitangaza mtambo mpya wa terabaiti 135 kwa dola 7,384. Nafasi mara mbili, na bei imeshuka, kwa sababu diski za terabaiti 3 zilikuwa zimeshuka bei. Miezi michache baadaye, mwaka ule ule, mafuriko makubwa yalizamisha viwanda vya diski nchini Thailand, na bei ikapanda zaidi ya maradufu kwa muda mfupi. Makadirio yao yote yakawa hayana maana. Waliokoka kwa kuzunguka madukani, wao na jamaa zao na rafiki zao, wakinunua diski za nje zinazouzwa kwa watu wa kawaida, wakazivunja maganda na kuchukua diski zilizomo. Maduka mengine yaliweka kikomo cha diski mbili kwa mteja mmoja.

Na la pili: miaka zaidi ya kumi baada ya kutengeneza lile kasha jekundu la kwanza, kampuni hiyo hiyo ilianza kununua seva zilizokwisha undwa, pamoja na za Dell. Hawakuwa wamesahau hesabu zao. Walizifanya upya wakaona kwamba bei za wengine zimeshuka, na kwamba kujiundia wenyewe hakukuwa tena na faida ile ya kwanza. Jawabu lililokuwa kweli mwaka 2009 halikuwa kweli milele.

Kwa hiyo, kwa wenzangu watakaokabidhiwa hesabu kama hii baada yetu, naacha kanuni tano:

1. Hesabu kwa macho kabla ya kuhesabu kwa kalamu. Fungua kila kompyuta, andika namba yake na aina ya vipande vyake. Kufanana kwa nje si hoja.

2. Uliza bei katika maduka matatu, uandike na tarehe. Bei isiyo na tarehe ni kama maziwa yasiyo na tarehe.

3. Linganisha kazi kwa kazi. Gawanya gharama kwa vitu vitakavyofanya kazi iliyokusudiwa, wala si kwa vitu vilivyonunuliwa.

4. Gawanya kwa miaka, kisha ongeza umeme, matengenezo na ujira wa fundi. Hata kama kazi mtaifanya wenyewe, andika saa mlizotumia.

5. Tenga angalau sehemu ya kumi ya fedha kwa mambo usiyoyajua. Mimi ningetenga shilingi 190,000, na zile pawa saplai na betri zisingeniaibisha.

Vile vijiti saba vya ramu bado vipo. Mwalimu amevifungia kabatini katika bahasha, na juu yake nimeandika kwa mkono wangu idadi, aina, bei na tarehe. Shule ikipata siku moja kompyuta zinazovipokea, vitatumika. Mpaka hapo, kila nifunguapo kabati lile huiona bahasha hiyo, nami huona ni daftari zuri kuliko lile la wino mwekundu. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Nami nimejifunza kwamba hata daftari lenyewe, lisipoandikwa baada ya kutazama, laweza kuimaliza mali kwa habari nzuri.